Mkono uliopunguzwa: kisa cha tangazo la magauni ya saizi kubwa

Wahusika

Kisa hiki kilitokea kwenye duka la nguo za kitenge katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina yameondolewa, kazi za baadhi ya watu zimefichwa, na maneno ya tangazo nimeyageuza kidogo ili yasitafutike mtandaoni. Wahusika ni wanne: mwenye duka, mteja aliyekubali kupigwa picha, kijana anayeshughulikia mitandao ya duka, na fundi mkuu. Wote wamesoma maelezo haya kabla hayajatoka. Mimi huwa nafundisha wafanyabiashara wadogo namna ya kutangaza bidhaa zao, na niliitwa siku chache baada ya mambo kuharibika.

Wengi waliokisikia wanakisimulia kama kisa cha picha iliyoeditiwa. Ilieditiwa kweli, tena vibaya. Ila ukikifuata hatua kwa hatua, kinakupeleka hadi kwenye meza ya kukatia kitambaa, na huko ndiko lilikoanzia tatizo.

Usuli

Duka lilianza kwa kushona kwa oda. Mteja analeta kitenge chake, anapimwa, anarudi baada ya wiki moja au mbili, na wakati mwingine anaambiwa "njoo kesho" mpaka anachoka. Baadaye mwenye duka akaanzisha magauni ya tayari, saizi S mpaka XL. Biashara ikachangamka, kwa sababu mtu anaingia, anajaribu, analipa, anaondoka nalo.

Wanawake wenye miili mikubwa ndio waliobaki kwenye oda. Walisubiri kuliko wenzao, na kila gauni waliongezewa shilingi 10,000 "ya kitambaa". Mwenye duka mwenyewe anavaa 2XL, na alikuwa anajua vizuri hasira ya kuingia dukani ukaambiwa kwa tabasamu kwamba yako haipo. Akaamua kutoa magauni ya tayari mpaka 4XL, yatoke kabla ya tarehe 8 Machi. Kwa wauza vitenge, Siku ya Wanawake ni msimu: ofisi, vikundi vya kuweka na kukopa, kwaya, wote wanatafuta sare.

Kauli ya tangazo ilikuwa "Jikubali. Mwili wako, gauni lako."

Mwanamitindo hakutafutwa kwenye wakala. Alichaguliwa mteja wa siku nyingi, dada mcheshi, mnene, mwenye kujiamini, ambaye kila akipita na gauni la duka lile watu humuuliza kashona wapi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: magauni mawili na pesa kidogo ya nauli na usumbufu. Hakuna aliyezungumzia picha zitatumika wapi, kwa muda gani, au zitaguswa vipi kabla ya kutoka.

Mtiririko wa matukio

Gauni la kupigia picha, saizi 3XL, lilimalizwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Halikujaribiwa na mtu yeyote. Asubuhi mteja alipolivaa, mkono wa gauni uliishia kukaba katikati ya msuli na kuacha alama, wakati huohuo bega likawa limeshuka chini ya bega lake. Zipu ya mgongoni ilifika chini ya mbavu ikagoma. Wakabana na pini, wakamwambia asigeuke, wakapiga picha za mbele tu.

Alisema mkono unamuuma. Akajibiwa, "Vumilia kidogo dada, tunamalizia." Fundi mkuu alikuwepo na aliona yote. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema kitu, alinijibu kwamba kijana wa mitandao alishasema "hizo tutazirekebisha kwenye simu."

Zikarekebishwa kweli. Kijana alitumia programu ya bure ya simu, ile ya kuvuta na kusukuma kwa kidole. Mikono yote miwili akaipunguza. Tumbo akalirudisha ndani. Kiuno akakibana, halafu, na hapa pana jambo la kuangalia, nyonga akaziongeza. Mwisho akaweka filta ya kulainisha ngozi, ambayo ilimwacha yule dada mweupe kuliko alivyo.

Picha ilipigwa mbele ya dirisha lenye nondo. Kwenye picha iliyotoka, nondo zilizo jirani na kiuno zilikuwa zimejikunja kama zimepitiwa na moto. Kitenge chenyewe kilikuwa na maua ya duara, na ya kwenye nyonga yakawa na umbo la yai. Usingehitaji kuwa mtaalamu. Bado, kwa saa kadhaa za mwanzo pongezi zilimiminika na watu wakauliza bei.

Jioni rafiki wa mteja, bila nia mbaya yoyote, akaweka kwenye status ya WhatsApp video fupi aliyomrekodi shoga yake siku ile akipigwa picha. Mtu akaziweka video na picha pamoja. Kufika usiku komenti zilikuwa za makundi mawili. Wapo waliolicheka duka: "Mnatuambia tujikubali, nyie wenyewe mmemkataa." Na wapo waliomgeukia mteja na mwili wake, kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Hawa wa pili walikuwa wachache, lakini ndio aliowasoma mpaka saa nane za usiku.

Kabla ya alfajiri alimtumia mwenye duka ujumbe wa sauti. Ameniruhusu kuunukuu kwa kifupi: "Dada, mimi sikuomba mnipunguze. Mkono ule si wangu. Na lile gauni halikunitosha, mnajua halikunitosha. Mngeniambia tu tuahirishe."

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanywa na kijana peke yake, usiku uleule. Alifuta komenti na kuwafungia watu kadhaa. Sababu yake ilikuwa kuzuia moto usisambae kabla mama, yaani mwenye duka, hajaamka. Kwa akili ya saa tano usiku inaeleweka. Lakini skrinshoti zilishapigwa, na kufuta kukawa habari mpya juu ya habari ya zamani.

Asubuhi mwenye duka alitaka kuposti picha halisi, isiyoguswa, pamoja na kuomba radhi. Aliona hiyo ndiyo njia ya kuonyesha hana cha kuficha. Kabla ya kufanya hivyo alimpigia mteja, na mteja akakataa katakata. Picha ile inamwonyesha ndani ya gauni lililombana, alisema, na watakaoiona watasema mwili ndio mbaya. Hatakubali mwili wake utumike mara ya pili kusafishia jina la duka.

Kwangu mimi, simu hiyo ndiyo iliyookoa kilichoweza kuokolewa. Picha zote zikashushwa. Tamko lililotoka lilikuwa la mistari michache, bila picha ya mtu: tulimpunguza mteja wetu kwenye picha bila kumwuliza, tulifanya hivyo kwa sababu gauni letu halikumkaa, tumemwomba radhi, na magauni ya 2XL kwenda juu tumeyasimamisha mpaka tuyakate upya. Walioagiza watarudishiwa pesa.

Maneno "gauni letu halikumkaa" yalibishaniwa sana. Fundi mkuu aliona yanamvunjia heshima. Kijana aliona yanaua biashara, kwa kuwa watu walikuwa wanalalamikia picha na hakuna aliyelalamikia mshono. Kwa nini ujishtaki kwa kosa ambalo hujashtakiwa? Mwenye duka akashika msimamo kwamba mteja ameshalisema, na akinyamaza yeye, lawama itabaki mwilini mwa yule dada.

Uamuzi wa mwisho ulichukua muda kidogo. Mteja aliombwa arudi kupigwa picha na gauni likiwa sawa. Hakutaka. Alisema atakuja kupimwa na kujaribu nguo, alipwe kwa saa zake, na picha asahau mtu. Wakakubaliana hivyo, safari hii kwa maandishi.

Kilichokuwa ndani ya pateni

Nilikaa na fundi mkuu tukafungua hesabu yake. Pateni mama ya duka, yaani kiolezo cha kukatia kitambaa ambacho saizi nyingine hukuzwa kutoka kwake, ilikuwa ya kifua cha inchi 36, na mkono wake sehemu ya msuli una inchi 13 na nusu. Kufika 3XL alikuwa ameongeza inchi 12 kifuani, kikawa 48. Mkono akauongeza inchi mbili na nusu, ukawa 16. Bega akalivuta nje inchi moja na nusu kila upande.

Mkono wa mteja, kwa tepu, ni inchi 17 na nusu. Kitenge cha pamba hakivutiki, kwa hiyo mkono unahitaji angalau inchi mbili za kupumulia ndipo mtu aweze kuinua kikombe. Gauni lilitakiwa liwe na inchi 19 na nusu au 20 pale lilipokuwa na 16.

Bega ndilo lililomshangaza fundi mwenyewe. Mtu akinenepa, mfupa wa bega haurefuki. Nyama inaongezeka mkononi, kifuani, mgongoni, tumboni, wakati upana wa bega unabadilika kidogo tu. Ukikuza pateni kwa kuongeza kila upande sawasawa, unapata gauni ambalo ni kubwa mno begani na dogo mno mkononi, juu ya mtu huyohuyo. Ndicho hasa kilichotokea. Na mkono ukishakaba hivyo, picha yoyote utakayopiga itaonyesha nyama imebinuka juu ya mshono, na mtazamaji ataona "mkono mnene" pale ambapo pana mkono wa kawaida uliofungwa na kitambaa.

Kwa hiyo kidole cha yule kijana kwenye simu kilikuwa kinaficha kosa la mkasi. Sidhani alijua. Aliona mkono umebinuka, akaona kazi yake ni kuunyoosha.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyokaa kimya. Sanamu nyingi za kuvalisha nguo zinazouzwa madukani ni za umbo dogo, na duka lilikuwa na moja tu. Kila gauni, hata la 4XL, lilipimwa juu ya sanamu hiyo kwa kubana pini nyuma. Hapo huwezi kuona mkono unavyokaba kwa sababu sanamu haina mkono kabisa. Walichofanya baadaye kilikuwa rahisi: waliiviringishia sanamu sponji na mabaki ya vitambaa, kifuani, tumboni na mgongoni, mpaka ikafika vipimo vya mteja, wakaivisha fulana ya kubana juu yake. Mikono waliijaribia kwa mteja mwenyewe.

Matokeo

Msimu wa 8 Machi ulipita. Kikundi kimoja kilichokuwa kimeulizia sare kilikwenda kushona kwingine. Kina wanachama wanene wengi na hawakutaka kubahatisha. Hiyo ndiyo hasara iliyomuuma mwenye duka kuliko komenti zote.

Magauni yalirudi miezi kadhaa baadaye, mpaka 3XL, bila kauli ya kujikubali. Kwenye kila tangazo sasa huandikwa inchi za kifua, kiuno, nyonga na msuli wa mkono. Wateja wamelipenda hilo kuliko lolote, na nguo zinazorudishwa kwa kutotosha zimepungua. Ile shilingi 10,000 imeondolewa. Bei ni moja kwa saizi zote, baada ya gharama ya kitambaa kugawanywa kote. Wenye saizi S walinung'unika kidogo. Mmoja, mwembamba kweli, alisema jambo la maana: kwamba S yenyewe inampwaya, na tangu lini kimbaumbau akaulizwa anataka nini? Sasa kuna XS.

Kijana bado yupo kazini. Mteja bado ananunua hapo, na analipwa kila mara pateni mpya inapojaribiwa. Ukurasa wake binafsi ameufunga, wanaoingia ni watu anaowajua tu. Hilo halijarudi kama lilivyokuwa.

Uchambuzi: kilichofeli

Kauli ilitangulia nguo. "Jikubali" inamtwisha mwanamke kazi ya kufanya moyoni mwake, na huku zipu imegoma. Katika mavazi, mwili wa mtu unakubaliwa kwanza na pateni, halafu na rafu ya dukani, halafu na bei. Ikishindikana huko, kauli hata iwe nzuri kiasi gani inageuka kejeli, na mteja ndiye anayechekwa.

Jambo la pili linahusu aina ya mwili ambao picha ilitengeneza. Tumezoea kusikia mjadala huu ukielezwa kama vita vya wembamba dhidi ya unene, kwa sababu ndivyo ulivyokuja kutoka kwenye majarida ya Ulaya na Marekani. Kwetu pwani unene si lazima uwe aibu. Kumwambia mtu "umenawiri" ni kumsifu, na sherehe zetu zimejaa nyimbo za kumsifia mwanamke aliyejazia. Lakini unene unaosifiwa una ramani yake: nyonga ndiyo, kifua ndiyo, tumbo hapana, mikono hapana. Ndiyo maana kuna soko la vigodoro vya kuvaa ndani ya nguo na la dawa za kuongeza makalio. Kijana hakumfanya mteja awe mwembamba. Alimpeleka kwenye umbo namba nane, akaamini kwa dhati kwamba amempendezesha. Angeulizwa kama anadharau wanene angekataa, na angekuwa mkweli. Mafunzo yanayosema tu "usiwafanye watu wembamba" yasingemgusa.

Sheria za baadhi ya nchi zimeliona hili. Ufaransa, tangu 1 Oktoba 2017, inataka picha ya tangazo iandikwe kwamba imeguswa iwapo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au limeongezwa, na faini inaweza kufika euro 37,500. Norwei imekwenda mbele zaidi: tangu 1 Julai 2022 alama inatakiwa pia pale ngozi ilipobadilishwa. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na ni jambo jema, lakini ngozi inayochubuliwa na filta haina mkaguzi. Ile filta ya kijana hata haikutajwa kwenye komenti. Watu walilalamikia kiuno na mikono. Kufanywa mweupe kulipita kama jambo la kawaida, na mteja ndiye aliyelitaja, siku ya mwisho tulipokuwa tunaandika makubaliano.

Ridhaa ilichukuliwa kama kitu cha mara moja: ukikubali kupigwa, umekubali yote. Kisa cha Lupita Nyong'o kinajulikana. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka kwenye jalada likiwa limemwondolea sehemu ya nywele zake za asili na kuzilainisha zilizobaki, naye akalikemea hadharani mpaka jarida na mpiga picha wakaomba radhi. Yeye ni nyota wa Oscar na sauti yake inafika. Mteja wa duka ana ujumbe wa sauti wa alfajiri. Kisheria, hata hivyo, hayuko mtupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Majirani zetu Kenya wameshaonyesha kwamba haya si maneno ya kwenye karatasi: mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Wenye maduka wengi ninaokutana nao hawajawahi kusikia habari hiyo.

Uchambuzi: kilichofaa

Kumpigia mteja kabla ya kutoa tamko. Nimeona biashara nyingi zikiomba radhi kwa umma na kumsahau aliyeumizwa, au mbaya zaidi, zikimwita aje kusimama pembeni mwa mwenye duka akitabasamu. Mteja alipewa nafasi ya kusema hapana mara mbili, na mara zote mbili ikaheshimiwa, ingawa ya kwanza iliinyima biashara ushahidi wa kujitetea na ya pili ikaiacha bila sura ya kutangazia.

Kulitaja gauni pia kulifaa. Kijana alikuwa sahihi kwamba duka lilijishtaki kwa kosa ambalo halikuwa limeonekana. Ila ndilo kosa lililokuwa linarekebishika. Kuahidi "hatutaediti tena" ni ahadi ambayo mteja hana namna ya kuihakiki. Inchi za mkono anaweza kuzipima nyumbani kwa tepu.

Makubaliano mapya hayazidi ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida. Yanataja picha zitawekwa wapi na zitashushwa lini. Yanasema mwanga na mandhari vinaweza kurekebishwa, umbo na rangi ya ngozi haviguswi. Mhusika anaonyeshwa picha kwenye simu kabla hazijatoka, na akisema "hii hapana" haombwi sababu. Na lipo sharti lililoongezwa na fundi mkuu kwa mwandiko wake: nguo isiyofungika haipigwi picha.

Ambalo halijaisha

4XL bado ni ya oda. Fundi mkuu anasema kuanzia hapo miili inatofautiana mno, kwamba wanawake wawili wenye kifua kimoja cha inchi 52 wanaweza kupishana tumboni kwa inchi nane, na pateni moja itawadanganya wote wawili. Mwenye duka anaona hicho ni kisingizio kilekile cha zamani kilichobadilishiwa nguo. Anataka pateni mbili za 4XL, moja ya wenye tumbo na moja ya wenye nyonga, na yuko tayari kuuza taratibu. Kinachowakwamisha ni mtaji wa vitambaa. Kwa sasa ubaoni dukani imeandikwa wazi: "4XL tunapima na kushona, siku saba, bei ileile." Mara ya mwisho nilipopita hapo, siku saba zilikuwa zimefika tisa.